Kaka, Nikushikie Simu?

Desemba iliyopita nilipanda matatu ya usiku kutoka Nakuru kwenda Nairobi, nikakaa mbele kando ya dereva. Tulipopita Gilgil simu yake ikawaka. Akaichukua, akasoma, akatabasamu, akaanza kujibu kwa kidole gumba. Mbele yetu kulikuwa na lori. Nilikumbatia mkoba wangu nikanyamaza. Tulifika salama, lakini kimya kile kilinifuata hadi nyumbani.

Tangu usiku huo nimekuwa nikisoma historia ya watu waliojaribu kuigeuza simu hiyohiyo kuwa mlinzi wa dereva.

Mwanzoni walitaka tu iwekwe chini. Mwaka 2001 New York likawa jimbo la kwanza Marekani kumkataza dereva kuzungumza na simu mkononi. Mwaka huohuo David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah wakachapisha utafiti uliotia shaka: hata aliyezungumza bila kuishika simu alikosa kuona ishara, sawa na aliyeishika. Mikono ilikuwa kwenye usukani, akili ilikuwa kwingine.

Kisha simu ikapata kamera mbili, na wazo likageuka. Mwaka 2013 watafiti wa Dartmouth walionyesha programu iitwayo CarSafe. Kamera moja ilimtazama dereva: je, anasinzia, amegeuza uso? Nyingine ilitazama barabara: je, gari la mbele liko karibu mno? Simu za wakati ule hazikuweza kuchakata picha za kamera zote mbili kwa pamoja, hivyo programu ilihama kutoka moja hadi nyingine, ikikisia hatari iko upande gani.

Mwaka 2017 Apple wakachukua njia nyingine. iPhone ilianza kutambua kwamba gari linakwenda na kunyamazisha arifa. Ila kulikuwa na kitufe cha kusema kwamba huendeshi. Dereva akikibonyeza, simu ilimsadiki kuwa ni abiria.

Neno hilo, abiria, lilinirudisha nyumbani. Mwaka 2008, James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliweka stika ndani ya matatu za masafa marefu nchini Kenya, zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha ovyo. Madai ya bima yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Jaribio lilipopanuliwa baadaye, kwa jina la Zusha!, madai yalipungua kwa robo hadi theluthi. Hakukuwa na kamera wala betri. Kulikuwa na karatasi na koo za watu.

Mwaka huohuo wa 2008, Strayer na wenzake walieleza kwa nini abiria si sawa na mtu wa kwenye simu. Abiria anaiona barabara. Penye hatari hukatiza hadithi, au humwonyesha dereva kilicho mbele. Rafiki aliye upande wa pili wa simu haoni lori.

Nadhani CarSafe ilikuwa inajaribu kuwa abiria mwema: jicho moja kwa dereva, jingine barabarani. Lakini programu humngoja dereva aiweke na akubali kuisikiliza. Abiria tayari yumo garini, na nauli amelipa. Anachokosa ni ujasiri, kwa sababu anayezungumza peke yake anaweza kuambiwa ashuke atembee. Naona stika ilimpa ruhusa, na ikamkumbusha kwamba wenzake nao wameisoma.

Aprili nilikaa tena kiti kilekile, kwenye matatu nyingine. Karibu na Naivasha simu ya dereva ikawaka, mkono wake ukaanza kuifuata.

“Kaka, nikushikie simu?”

Alinitazama kidogo, akacheka, akanipa. Ulikuwa ujumbe wa mkewe, akiuliza amefika wapi. Nilimwandikia yuko njiani, anakuja.