Sauti Inayotazama Mfupa wa Taya

Bila shaka waikumbuka ile mashine ya ultrasaundi, uliyopakwa jeli tumboni ukiwa mjamzito. Leo tutazungumza kuhusu kazi yake nyingine: kutazama mfupa wa taya unavyounga.

Mwaka wa 1955, Dkt. Ian Donald wa Glasgow, Uingereza, alikwenda kwenye kiwanda ambako sauti ilitumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Alibeba kwa gari uvimbe aliokuwa amewatoa wagonjwa wake! Sauti ikautofautisha uvimbe wenye maji na ule wa nyama tupu. Mwaka wa 1958 alichapisha picha zake, na kina mama wajawazito wakawa na njia isiyo na miale ya eksirei.

Nako kwenye taya, Dkt. Joseph McCarthy wa New York alieleza mwaka wa 1992 alivyorefusha taya za watoto 4 waliozaliwa nazo zikiwa fupi. Alifuata njia ya Gavriil Ilizarov wa Urusi, aliyerefusha miguu. Mfupa hukatwa, hufungwa chuma maalumu, kisha huvutwa polepole, kama milimita 1 kwa siku. Pengo hujaa mfupa mpya.

Taabu huja baadaye. Chuma kitolewe lini? Kikitolewa mapema, mfupa mchanga hupinda, na mtoto huenda akarudi kupasuliwa. Kikikawia, mtoto anaendelea kuishi nacho bure, na wewe mama wajua alivyochoka. Eksirei haioni vizuri mfupa mpya katika wiki za kwanza, kwa kuwa madini yake bado ni machache.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa taya walikuwa wakiijaribu ultrasaundi. Sauti hupenya kwenye pengo lililo bado laini. Mfupa ukikomaa, sauti hugonga na kurudi, na mstari mweupe uliokatika huanza kuungana. Hakuna miale, hakuna sindano, na mtoto aweza kupimwa akiwa amepakatwa.

Lakini sauti huona uso wa nje wa mfupa tu. Kwa hiyo, mama, daktari akiomba eksirei kabla ya kutoa chuma, usimkatalie. Muulize tu: pengo limejaa kiasi gani, na mtoto ataanza lini kutafuna chakula kigumu?