Mgeni na Habari ya Vugha

Tangu miaka ya 1990 vijana wa Lushoto huwaongoza wageni katika msitu wa Magamba na kuwafikisha Irente, waitazame nyika iliyo chini. Ni kazi njema. Ila twasikitika kuwa mgeni huambiwa upesi ya kwamba Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, na Vugha, makao ya Simba Mwene, hupitwa kwa maneno machache.

Masimulizi ya Wakilindi, aliyoyaandika Abdallah bin Hemedi, yasema Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu. Aliwagawia Washambaa nyama, nao wakampa utawala. (Nyama yenyewe ilikuwa ya nguruwe mwitu!) Baadaye wafalme walipimwa kwa mvua. Mfalme mwenye nguvu asiye na mshindani aliiponya nchi, yaani kuzifya shi. Wakuu waliposhindana, nchi ilidhurika, ndiko kubana shi, na njaa ikaja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliwalazimisha wakulima kulima matuta milimani. Kazi ilikuwa nzito, na wengi waliona kuwa machifu walioisimamia wanaibana nchi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango huo uliachwa. Miteremko hiyo mgeni huipita akienda Magamba.