DMA: Diski Inapoachiwa Kumbukumbu

Vitabu vingi huieleza DMA kuwa "ufikiaji wa moja kwa moja wa kumbukumbu". Sawa, lakini ni nani anayerukwa hapo? Ni prosesa. Katika modi kongwe ya PIO, kila biti 16 kutoka diski kuu zilipitia kwa prosesa kabla ya kutua kwenye kumbukumbu, kama mwenye duka anayebeba kila gunia mwenyewe huku wateja wakimsubiri. Kwa DMA, prosesa hutaja tu data iwekwe wapi, kisha huendelea na shughuli nyingine mpaka ipewe ishara kwamba uhamisho umekwisha. Kwa hiyo mimi huandika "uhamishaji data bila prosesa". Ni ndefu, ila haimwachi msomaji akikisia.

Kwenye diski za IDE, PIO 4 ilikomea megabaiti 16.6 kwa sekunde. UDMA, aina ya DMA yenye kasi zaidi, ikafika 33.3 katika UDMA 2 na 100 katika UDMA 5. Hizo ni kasi za kebo, diski zenyewe mara nyingi zilikuwa nyuma. Nafuu kubwa ilikuwa prosesa kupata nafasi ya kupumua.

Mbona basi Linux ya enzi hizo haikuiwasha DMA ovyo? Kwa sababu chipu inayodai kuiweza DMA nayo haiiwezi huweza kuandika takataka juu ya faili zako kimyakimya. Kerneli, yaani kiini cha Linux, huiuliza kwanza diski inakubali modi zipi, huitafuta kwenye orodha ya diski zenye kasoro, kisha huikagua kebo. Zaidi ya UDMA 2, kebo lazima iwe ya nyaya 80, ingawa pini ni 40 zilezile: nyaya za ziada ni za ardhi, zimelazwa katikati ya nyaya za ishara zisiingiliane.

Tena UDMA hukagua kila uhamisho kwa hesabu ya CRC, ulinzi ambao PIO haina. Data ikichafuka njiani, kosa hujulikana na uhamisho hurudiwa. Makosa yakizidi, kerneli hushusha modi.

Kwenye mashine za enzi hizo, anayewasha DMA kwa mkono hutumia amri ya hdparm: -d huonyesha hali, -d1 huwasha, -t hupima kasi ya kusoma. Weka nakala za faili kwingine kwanza, na mfumo wa faili uwe wa kusomwa tu wakati wa majaribio. Ukiona BadCRC kwenye batli ya kerneli, badilisha kebo kabla ya kuilaumu diski. Chaguo la -X, linalolazimisha modi, usiliguse: kuchagua modi ni kazi ambayo kerneli tayari inaifanya.