Embe la Januari, Futari ya Agosti

Unguja huishi kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya jua, inayoleta masika na vuli, na kuivisha maembe ya msimu mkubwa kuanzia kiasi cha Novemba hadi Februari. Ya pili ni ya mwezi, inayoleta Ramadhani. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani hurudi nyuma kidogo. Mwaka 2000 ilianza mwishoni mwa Novemba, wakati maembe yanaanza kujaa sokoni. Mwaka 2010 ilianza Agosti, na msimu mkubwa ulikuwa umepita zamani.

Wazee walijua kuliweka embe. Walilitia chumvi, wakalianika, wakalifanya achari ya kuliwa kwa wali miezi kadhaa. Lakini achari haiwi juisi ya kufuturia. Chumvi na jua huhifadhi embe kwa kuligeuza kitu kingine. Friza ndiyo iliyoleta ahadi mpya, kwamba embe la Januari litabaki embe hadi Agosti.

Ahadi hiyo ina historia yake, na ilianzia mbali na miembe. Kati ya 1912 na 1915, Mmarekani Clarence Birdseye aliishi Labrador, mashariki ya Kanada. Aliwaona Wainuiti wakivua samaki kwenye baridi kali, samaki akaganda mara tu anapotolewa majini, na akiyeyushwa baada ya miezi nyama yake ikawa bado nzuri. Wenyeji walikuwa na ujuzi huo kabla yake. Yeye aliugeuza kuwa mashine, na mwaka 1930 vyakula vilivyogandishwa kwa njia yake vilianza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts. Siri ilikuwa kasi. Maji yakiganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu, nazo hupasua kuta za seli za tunda. Yakiganda haraka, chembe huwa ndogo na tunda huumia kidogo.

Friza ya nyumbani haina kasi hiyo, na bibi yangu, aliyeuza juisi na malai mlangoni kwake, alilijua hilo bila kusoma fizikia. Alichagua boribo zilizoiva lakini hazijalegea, akazimenya, akazikata vipande na kuvikamulia ndimu visiwe vyeusi. Alivitandaza kwenye sinia visigusane ili vigande upesi. Vikishakuwa vigumu ndipo alipovitia kwenye makopo yenye vifuniko, na kopo hakulijaza hadi juu, maana maji yakiganda hutanuka. Embe lililoyeyuka hakumwekea mtu kwenye sahani, kwa sababu lilikuwa limelegea. Lilikwenda kwenye blenda, na humo kulegea si kosa.

Nyuma ya friza hiyo kulikuwa na waya. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Unguja ilipata umeme kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba. Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mmoja. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme ulikatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010.

Tazama tarehe hizo. Giza liliingia maembe yakianza kuiva na likaondoka yakiwa yamekwisha. Hoteli zenye jenereta ziliendelea kutoa juisi baridi. Mitaani, pampu za maji zilisimama, na maembe yalishuka bei kwa sababu hakuna aliyeweza kuyaweka. Bibi aliizima friza, akaifuta, akaweka unga ndani. "Mwaka huu," alisema, "mwenye jenereta ndiye mwenye embe." Agosti ilipofika na Ramadhani, umeme ulikuwa umerudi miezi mitano nyuma, lakini friza haikuwa na kopo hata moja la embe. Tulifuturu kwa ukwaju. Bibi hakuwa na cha kuuza mlangoni hadi msimu uliofuata.

Kebo mpya yenye uwezo wa megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013, na historia ya umeme wa Zanzibar huandikwa kwa vipimo hivyo: megawati, mikopo, wafadhili. Mimi nasoma historia kwa shahada ya uzamili, na vipimo hivyo navihitaji. Lakini havionyeshi kwamba hasara ya Disemba ililipwa Agosti, wala kwamba waliolipa wengi wao walikuwa wanawake ambao biashara yao haikuwa na leseni wala daftari. Mtu akitaka kujua umeme ulikuwa na maana gani Unguja, asiishie kwenye ripoti za shirika. Awaulize waliokuwa na friza walitia nini ndani yake mwaka ule, na walikula nini miezi minane baadaye.