Jiwe la Katanga na Moyo wa Mgonjwa

Neno "nyuklia" lina sifa mbaya. Tulisikiapo, twafikiri bomu na maangamizi. Kwa hiyo mgonjwa wa hapa Bukavu, akiambiwa na daktari kwamba yampasa kusafiri mpaka mji wenye mashine ya kupima moyo kwa njia ya nyuklia, aweza kuona heri akae nyumbani na maumivu yake ya kifua. Lakini ugonjwa wa moyo haungoji mtu. Yafaa basi, wasomaji wapenzi, tuijue habari hii toka mwanzo, maana sehemu yake moja imo katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aligundua ya kuwa urani hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre waligundua radiamu, yenye nguvu kupita urani. Kisha mwaka 1915 urani ikapatikana Shinkolobwe, huko Katanga. Tangu mwaka 1922 mawe yake yalitolewa radiamu kule Olen, Ubelgiji, nayo radiamu ilitumiwa na madaktari kutibu kansa. Hivyo jiwe la Katanga lilitumika kuponya kabla ya kutumika kuua. Bomu lilikuja baadaye: sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka Shinkolobwe. Hilo hatulifichi. Lakini moto uunguzao nyumba ndio upikao chakula.

Katika miaka ya 1920 daktari Hermann Blumgart wa Boston, Marekani, alitaka kujua damu huchukua muda gani kupita mwilini. Alitia kitu chenye miali katika mshipa wa mkono mmoja, akaweka chombo kwenye mkono wa pili, akahesabu muda mpaka miali ilipofika. Hiyo ndiyo mbegu ya kipimo cha leo. Mwaka 1937, huko Palermo, Italia, Carlo Perrier na Emilio Segrè waligundua teknesiamu, ambayo leo hutumika sana katika kupima moyo. Nao Barry Zaret na H. William Strauss, mwaka 1973, walionyesha ya kuwa picha za moyo unaofanya kazi kwa nguvu zaweza kufunua mahali panapokosa damu.

Wala Kongo haikukaa pembeni. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha atomi katika Afrika kilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Leopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Aliyekipigania ni Monsinyori Luc Gillon, padre na mtaalamu wa fizikia, mkuu wa kwanza wa chuo hicho. Kinu hicho kilikuwa cha mafunzo na utafiti, na pia cha kutengeneza vitu vyenye miali kwa ajili ya tiba.

Basi mgonjwa atazamie nini? Kwa kawaida huambiwa asinywe kahawa, chai wala kola kwa siku nzima kabla ya kipimo, na asile kwa saa chache. Asiache dawa zake kwa shauri lake mwenyewe, bali aulize. Mwenye pumu, mwenye mimba na mama anyonyeshaye waseme mapema.

Moyo hupigwa picha mara mbili: ukiwa umepumzika na ukiwa umefanyishwa kazi. Mgonjwa hudungwa sindano mshipani, hungoja, kisha hulala chali mikono juu ya kichwa, naye atulie kabisa. Kamera humzunguka polepole bila kumwumiza. Mara nyingine hutembea juu ya mkanda unaokwenda. Asiyeweza hupewa dawa. Dawa hiyo yaweza kumletea joto, kichwa kuuma au pumzi fupi kwa dakika chache. Kazi yote huchukua saa kadhaa, pengine siku mbili. Sehemu ya moyo ipatayo damu hung'aa pichani, ikosayo hufifia. Ikififia wakati wa kazi tu, yaelekea mshipa umekuwa mwembamba. Ikififia mara zote mbili, mara nyingi ni kovu.

Je, miali hubaki mwilini? Nguvu ya teknesiamu hupungua nusu kila saa 6. Baada ya saa 24 imebaki sehemu moja tu katika 16. Nyingine hutoka kwa mkojo, ndiyo sababu mgonjwa huhimizwa kunywa maji. Miali hiyo ni michache, lakini si bure kabisa. Kwa hiyo kipimo hiki hakifanywi pasipo sababu.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza: Kwa nini nipimwe? Majibu yatabadili nini katika matibabu yangu? Akiisha kujibiwa, aende. Bomu ni jambo moja, na sindano hii ni jambo jingine.