Kilimanjaro: Walipanda Kutafuta Barafu, Maji Yakawa Msituni

Mei 11, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa na kituo chake Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wenye kilele cheupe akielekea nchi ya Wachaga. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia ya bara. Habari hiyo ilipochapishwa Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, aliikataa katakata. Kwa maoni yake, theluji isingeweza kukaa karibu na ikweta.

Ubishi huo ulikatwa na msafiri wa Kijerumani, Karl Klaus von der Decken. Alipanda mwaka 1861 akiwa na Richard Thornton, akarudi 1862 pamoja na Otto Kersten, wakafika mwinuko wa takriban mita 4,200, na huko theluji ikawaangukia. Lakini hata baada ya ubishi kwisha, mwelekeo wake ulibaki. Kwa zaidi ya miaka mia moja, swali kubwa ambalo wageni waliuuliza mlima huu lilihusu kilele chake cheupe.

Hans Meyer, mwanajiografia wa Leipzig, alifika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Wenyeji wa Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Meyer aliporudi 1898 alikuta barafu imepungua kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Mwaka 1912, Eduard Oehler na Fritz Klute walipiga picha zilizotumika kuchora ramani ya barafu yote, ambayo wakati huo ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Ramani hiyo ndiyo kipimo ambacho wataalamu wanakirejea hadi leo, na kwa mujibu wa vipimo vya 2011, eneo lililobaki halikufika hata kilomita za mraba mbili.

Chini ya kilele, kazi nyingine iliendelea kimyakimya. Charles New, mmisionari mwingine wa pwani, alifika ukingo wa theluji mwaka 1871 na kushuka na mimea. Mwingereza Harry Johnston alikaa miezi kadhaa mwaka 1884 akikusanya mimea na wanyama, mwanzoni akiwa mgeni wa Mangi Rindi wa Moshi. Kati ya 1892 na 1894, mtaalamu wa mimea Georg Volkens aliishi Marangu, katika kituo cha utafiti cha serikali ya Wajerumani. Kitabu chake cha 1897 kilieleza mimea ya mlima kuanzia nyika ya chini hadi juu kwenye mawe matupu, pamoja na vihamba (mashamba ya nyumbani) vya migomba na mifongo, yaani mifereji ambayo Wachaga waliichimba kushusha maji ya mito ya msituni hadi mashambani. Wenyeji, basi, walikwishajua maji yanatoka wapi, na kazi yao yote ya kilimo ilijengwa juu ya ujuzi huo.

Mwaka 1948 ulileta utafiti wa aina mpya. Msweden Olov Hedberg alizunguka milima mirefu ya Afrika Mashariki akichunguza jinsi mimea inavyoishi mahali ambapo jua huchoma mchana na maji huganda usiku. Katika kipindi hichohicho Mwingereza George Salt aliwachunguza wadudu wa Kilimanjaro ya juu. Lobelia ya mlima huu hufunga majani yake usiku na kuhifadhi maji katikati. Maji hayo yakiganda juu, kiini cha mmea hubaki salama. Senesio kubwa, kwa upande wake, haiyaangushi majani yaliyokufa. Huyabakiza yakiuzunguka shina kama blanketi. Kuanzia hapo mlima ulianza kuchunguzwa kama makazi ya viumbe vinavyotegemeana.

Hata hivyo barafu ilirudi kwenye vichwa vya habari. Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alitoboa mabamba ya barafu kileleni na kutoa nguzo sita. Kwa hesabu yake, barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake walitabiri kwamba barafu yote ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo, ingawa ni kidogo na inaendelea kupungua.

Wanasayansi wengine, akiwemo Georg Kaser wa Innsbruck, walitumia vipimo vya kituo cha hali ya hewa kilichowekwa kileleni mwaka 2000 na kueleza jambo lililowashangaza wengi. Hewa ya huko ni baridi chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote. Sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki na kutiririka. Hugeuka mvuke moja kwa moja na kupotea hewani. Chanzo kikuu, walisema, ni ukavu ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, mawingu na theluji vilipopungua.

Ikiwa ni hivyo, maji ya mito yanatoka wapi? Jibu lilikuwa msituni. Katika miteremko ya kusini, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200, mvua ya mwaka huzidi milimita 2,500. Kileleni haifiki hata sehemu ya tano ya kiasi hicho. Juu zaidi ya ukanda huo wa mvua, miti ya jamii ya erika na kuvumwani inayoning'inia matawini hunasa ukungu, nao hudondoka ardhini kama mvua ya ziada. Maji hayo hulisha chemchemi za vijijini, mito ya bonde la Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu, na hata vinamasi vya Amboseli upande wa Kenya.

Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani ambaye ameufanyia mlima huu utafiti kwa miongo kadhaa, alilinganisha picha za setilaiti za 1976 na 2000. Aligundua kwamba moto ulikuwa umekula sehemu kubwa ya msitu wa erika na kuushusha mpaka wa juu wa miti kwa mamia ya mita. Ukavu huandaa kuni, na binadamu huleta kiberiti: mrina asali, jangili, au mkulima anayesafisha shamba. Kwa makadirio yake, ukungu uliokosa miti ya kuunasa ulikuwa na maji yanayokaribia mahitaji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka. Upotevu huo ni mkubwa kuliko wowote unaoweza kuletwa na kwisha kwa barafu.

Ukaguzi wa angani uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulihesabu maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, mikulo ikiwa mingi. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa, iliyotangazwa 1973, ikashushwa ili msitu uingie ndani. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani na Tanzania walianza mradi mkubwa wa pamoja, wakipima kila kitu kuanzia nyuki hadi udongo, katika maeneo ya porini na yaliyolimwa, toka nyika hadi zaidi ya mita 4,000. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kwamba madhara ya binadamu huwa mazito zaidi pakavu chini na kwenye baridi juu. Mwaka 2016 Hemp alitangaza kuwa mkukusu mmoja katika bonde la mlima huu una urefu wa mita 81.5, na kwamba hakuna mti wa asili mrefu kuliko huo uliowahi kupimwa Afrika. Ulikuwa umesimama pale karne nyingi huku wapandaji wakitazama juu.

Oktoba 2020 moto uliwaka tena kwa siku kadhaa, na wanafunzi na wanakijiji wakapanda na matawi mabichi kuuzima. Ujasiri huo unastahili sifa, lakini hauwezi kuwa mpango wa nchi. Barafu ya Kilimanjaro haitaokolewa na uamuzi wa Moshi wala Dodoma. Msitu unaweza kuokolewa: kwa njia za kuzuia moto zinazosafishwa kila kiangazi, kwa vikosi vya vijiji vilivyopewa vifaa na posho, na kwa warina asali waliopewa mizinga ya kisasa nje ya hifadhi. Fedha za watalii wanaopanda kuiona barafu zianze kazi hapo.