KDF Somalia: kutoka lini, na kutoka vipi?

UZI. Kila msimu wa kampeni hapa Kanyakine hakukosi mheshimiwa wa kusimama juu ya gari na kusema, "Mkinichagua, vijana wetu watarudi kutoka Somalia!" Watu hupiga makofi. Nami hupiga pia, maana kijana wa jirani yetu alipelekwa huko. Nikifika nyumbani ndipo hujiuliza: watarudi kwa siku ngapi?

Turudi nyuma kidogo. Jeshi liliingia Oktoba 2011, Operesheni Linda Nchi, baada ya watu kutekwa nyara Lamu na Dadaab. Wengi tulidhani ni kazi ya miezi michache. Mwaka wa 2012 askari wetu wakawekwa chini ya AMISOM, na ratiba ikawa pia ya Umoja wa Afrika na Baraza la Usalama. Hilo mheshimiwa hulisahau akishapanda juu ya gari.

Wanaotaka watoke haraka wana hoja. Tuliambiwa tunalinda nchi, kisha Westgate 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa 2015, watu 148. Halafu El Adde, 15 Januari 2016: kambi ilivamiwa alfajiri, na serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Mama aliyempoteza mwanawe hapo utamwambiaje "subiri kidogo"?

Lakini angalieni Ethiopia. Waliingia mwisho wa 2006, wakatoka Januari 2009. Baidoa, mji ambako bunge la Somalia lilikuwa likikaa, ulitekwa na al-Shabaab mara tu walipoondoka. Hata pengo halikupoa!

Ndiyo maana ATMIS ilipoanza 2022 walipanga kutoka kwa awamu. Wanajeshi 2,000 waliondoka kufikia Juni 2023. Wengine 3,000 walipaswa kufuata Septemba, lakini serikali ya Somalia yenyewe ikaomba siku 90 zaidi, kwa sababu Agosti jeshi lake lilikuwa limepigwa vibaya. Mwanzo wa 2025 ikaja AUSSOM. Jina jipya, kazi ile ile.

(Na usiniambie haya ni ya Mandera tu. Soko la Somalia lilipofungiwa miraa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, ndugu zetu wa Igembe walilia.)

Mimi naegemea kutoka polepole, ingawa roho inauma. Mheshimiwa akirudi nitamuuliza mawili: kambi ya Dhobley unamwachia nani, na idadi ya El Adde utaitoa lini?